Shajara ya mikisi: kwaya ya Igogo, traki 28 na makapu yake

Jumatatu 2 Februari

Naandika hii sababu mradi wa mwaka jana ulinitesa, nilifungua faili baada ya miezi minne nikakuta traki (yaani kila sauti iliyorekodiwa kwenye njia yake) zinaitwa "soprano mpya", "soprano mpya mpya" na "hii ndo yenyewe 2", na yenyewe haikuwa yenyewe. Safari hii kila nikifunga laptopu naandika, hata kama ni mistari miwili.

Kazi: mikisi, yaani kuchanganya sauti za kwaya ya kigango hapa Igogo, Mwanza, nyimbo 8, waimbaji 22, wanataka zitoke kabla ya Pasaka. Kurekodi tulimaliza Januari. Chumba changu kiko juu huku kwenye mawe, ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe, kwahiyo upande huo hakuna kelele kabisa ila upande wa mbele ni bati, mvua ikianza tunakaa tunapiga story mpaka iishe. Siku moja tulipoteza saa tatu nzima, wamama wakaishia kuchambua dagaa za jirani.

Vifaa: laptopu ya RAM GB 8, saundikadi ya njia 8, maiki 6 (mbili za kuazima), programu ya kurekodi na kuchanganya ni REAPER. Wanaoniuliza kwanini hiyo, jibu ni bei, leseni ya sisi wadogo ni dola 60 na kujaribu ni siku 60, afu ni nyepesi, faili la kuinstolia ni dogo hata bando halilii. Halafu mwanzilishi wake Justin Frankel ndo yule yule aliyetengeneza Winamp, ile programu ya kuchezea muziki, sie tuliokulia internet kafe hilo jina lina heshima yake.

Jumatano 4 Februari

Leo kuhesabu na kusafisha. Wimbo wa kwanza una traki 28: ngoma kubwa traki mbili (maiki ya juu na ya chini), ngoma ndogo, kayamba, manyanga, makofi, vigelegele, gitaa la solo, rithimu, gitaa la besi, kinanda, mwimbishaji, na sauti 16 za kiitikio, yaani kila sauti (soprano, alto, tena, besi) tumeirekodi mara mbili kwa maiki mbili. Ubora wa kurekodi ni 48 kHz, biti 24, traki moja ya mono (njia moja) inakula kama MB 8.64 kwa dakika. Kinanda ni stereo, yaani njia mbili, kwahiyo hesabu ni 29, zidisha, inakuja kama MB 250 kwa dakika moja. Wimbo wa dakika tano ni GB 1.25. Nyimbo zote nane GB 10 na hapo sijaweka teki (marudio ya kurekodi) zilizoharibika. Nimehamishia kwenye diski ya eksteno, nakala nyingine kwenye kompyuta ya shemeji.

Kosa la leo: mpiga ngoma alichelewa kidogo kwenye ubeti wa pili, nikakata kipande nikakivuta mbele kidogo tu. Nikasikiliza, ngoma imekuwa kama kopo la rangi. Kumbe nimevuta ya maiki ya juu tu, ya chini imebaki pale pale. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa milisekunde moja, sasa mi nilivuta milisekunde kama 15, ni sawa na kuichukua ile maiki ya chini kuipeleka mita tano huko kwa jirani. Zikikutana zinakulana, uzito wote unapotea.

Dawa: kabla hujagusa chochote, chagua vipande vya maiki zote za ngoma ile, bonyeza G, vinafungwa pamoja, ukikata kimoja vyote vinakatika, ukivuta kimoja vyote vinakwenda. Hilo ni kundi la aina ya kwanza, la kuhariri, sauti yenyewe haijachanganywa popote. Nasisitiza kwangu mwenyewe sababu hapa ndo nilikuwa nachanganya mambo, kufunga vipande pamoja ni kitu kimoja na kupitisha sauti zake mahali pamoja ni kitu kingine kabisa.

Maiki ya chini nimeigeuza polariti pia, yaani wimbi lake nimelipindua juu chini. Ngozi ikipigwa inaenda chini, maiki ya juu inaona inakimbiwa, ya chini inaona inafuatwa. Kubonyeza kale kaalama tu ngoma ikarudi na tumbo lake.

Ijumaa 6 Februari

Leo nimeanza kupanga folda. Kwenye REAPER traki yoyote inaweza kuwa folda, unabonyeza kaalama ka folda hapo kwenye traki, zilizo chini yake zinasogea ndani kidogo na sauti zao zote zinapita kwanza kwa mzazi (ile traki ya folda) ndo ziende masta, traki ya mwisho inayotoa wimbo mzima. Ya mwisho nayo unaibonyeza kufunga folda, ukisahau folda inameza kila kitu mpaka chini kabisa, mi nimesahau, mwimbishaji akaingia kwenye folda ya magitaa.

Dogo anayenisaidia alikuja jioni. Nikamwambia "weka kompresa kwenye basi", nikimaanisha ile traki ya kukusanyia sauti nyingi, ndo jina lake la kitaalamu (kompresa yenyewe ni ya kubana sauti zikipanda sana). Nikatoka kununua maji. Narudi, kaweka kwenye gitaa la besi. Haya, tukarekebisha, nikamwambia sasa shusha besi kidogo. Akashusha sauti ya besi za kiitikio, wale wazee wanne. Sio kosa lake, nina besi mbili na basi moja kwenye chumba cha mita tatu kwa nne. Kuanzia leo neno basi limepigwa marufuku humu, traki ya kukusanyia inaitwa KAPU. Nimeandika kwa kalamu ya maki kwenye plasta nikabandika juu ya skrini.

Makapu ya leo: NGOMA (ngoma zote, kayamba, manyanga, makofi), VYOMBO (magitaa, kinanda), SAUTI (16 za kiitikio, mwimbishaji, vigelegele). Matatu, safi, yanapendeza hata kuyaangalia, nimeyapaka rangi.

Jumamosi 7 Februari

Hayapendezi tena.

Nilitaka gitaa la besi liende pia kwenye kapu la pembeni lenye kompresa kali, afu nichanganye kidogo na lile la kawaida. Nikatengeneza sendi, yaani njia ya pili ya kupeleka nakala ya sauti kwenye traki nyingine. Wimbo ukawa mzito ghafla, taa ya masta nyekundu, nikadhani kompresa ni kali mno, nikapoteza saa nzima kuikagua kompresa ambayo haikuwa hata na kosa. Shida ni kwamba nilijaribu hivyo hivyo kwa sauti zote 16, kila moja nikaipeleka kapu jipya kwa sendi lakini sikuondoa ile tiki ya kwenda kwa mzazi. Kwahiyo kila sauti inafika mara mbili, njia ya zamani na njia mpya. Sauti ile ile ikijumlishwa na nafsi yake inapanda dB 6 (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti).

Sheria ninayojiwekea: sauti ikienda kapuni kwa sendi uliza kwanza, bado inaenda kwa njia ya zamani? Kama unataka zote mbili (kama besi ile) sawa, kama hutaki toa tiki. Ukitumia folda hili swali halipo sababu folda ndo njia yenyewe. Ndo maana narudi kwenye folda, sendi nitaziacha kwa rivabu, yaani mwangwi wa ukumbi.

Kuhusu taa nyekundu, nilikuwa naziogopa sana zote. Ndani ya REAPER hesabu zinafanyika kwa biti 64 zenye desimali, kapu likiwasha nyekundu katikati ya safari halipasuki, ukishusha mbele yake inarudi salama. Panapopasuka ni mwisho kabisa, kwenye masta wakati wa kutoka. Ila plagini (vifaa vya kuongeza ndani ya programu) nyingine zimetengenezwa ziige mashine za zamani, hizo ukizilisha kubwa zinakwaruza kweli. Nimezishusha traki zote za sauti dB 10 nikamaliza ubishi.

Jumatano 11 Februari

Siku mbili umeme ulikuwa unakuja unaondoka, betri ya laptopu inakaa dakika 40, sikugusa kitu.

Leo kompresa kwenye kapu la NGOMA. Nimeweka 2 kwa 1, yaani kinachozidi kinabanwa kiwe nusu, ichukue kama milisekunde 30 kufikia kubana kwake ili ule mpigo wenyewe upite kabla haijabana sana, ishushe dB 2 au 3 tu. Ngoma kubwa ikakaa vizuri sana. Lakini kila ngoma ikipigwa kayamba inazama, afu inaibuka, inazama, inaibuka, yaani kayamba inapumua kama mtu aliyepanda kilima cha Bugando kwa miguu. Sababu kompresa haijui nani ni nani humo kapuni, inaona jumla tu, ngoma kubwa ikigonga kila aliyemo anabanwa. Wengine wanapenda hivyo, kwenye muziki wa klabu inatafutwa makusudi. Kwenye wimbo wa kanisani wenye kayamba inayotembea dakika tano bila kupumzika inachosha sikio.

Nimepunguza kompresa, ngoma ikalegea. Nimeongeza, kayamba ikapumua. Nimeacha, nimeenda Mwaloni kula sato.

Jumamosi 14 Februari

Rivabu. Naandika sana leo maana nimejifunza kitu.

Mwanzoni nilikuwa naweka rivabu kwenye kila traki. Sauti 16, rivabu 16, feni ya laptopu inalia kama mashine ya kusaga na wimbo unakatakata. Nikazitoa zote nikatengeneza traki moja inaitwa RIVABU, na kila sauti, magitaa, mwimbishaji, wote wanapeleka sendi kidogo pale. Laptopu ikapoa. Na inasikika vizuri zaidi, sababu wote wako ukumbi mmoja, sio kila mtu na chumba chake.

Mama Mwenyekiti wa kwaya alikuwa ameomba pleibeki ya wimbo wa kwanza, yaani muziki bila waimbaji, kuna shughuli Nyakato wanaenda kuimba juu yake. Rahisi, nikashika fada (kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) ya kapu la SAUTI nikaivuta mpaka chini kabisa, nikarenda, yaani nikatoa faili la mwisho, nikamtumia kwa simu. Nilikuwa na haraka, nilisikiliza sekunde kumi za mwanzo tu ambazo ni gitaa.

Saa moja baadaye anapiga.

"Mwanangu, hii uliyonitumia ina watu."

"Hapana mama, nimetoa sauti zote."

"Wamo. Wanaimba mbali, kama wako ng'ambo Kamanga na sisi tuko huku. Mume wangu anasema ni malaika."

Nikafungua, nikavaa hedifoni. Kweli wamo. Kwaya nzima inaimba, haina maneno yanayoshikika, moshi tu wa sauti unaoelea nyuma ya gitaa. Nywele zilisimama aisee, saa mbili usiku, niko peke yangu na lile jiwe.

Ndo hivi ilivyo. Sendi ya rivabu inatoka kwenye traki ya kila mwimbaji, baada ya fada yake yeye. Fada yangu mimi niliyovuta ni ya kapu, iko mbele zaidi, mwimbaji mwenyewe hajaguswa. Kwahiyo anaendelea kupeleka sauti kwenye RIVABU kama kawaida, na RIVABU iko nje ya kapu, inakwenda masta kwa njia yake. Nimefunga mlango wa mbele, wametokea dirishani.

Na hapo nikaelewa kitu kingine kilichonisumbua wiki nzima. Kila mara Mwalimu wa kwaya akisema "kiitikio kishuke kidogo", nikishusha kapu dB 3 au 4 kwaya ilikuwa haishuki tu, inarudi nyuma, inakuwa kama imehamia mwisho wa kanisa. Nilidhani ni masikio yangu. Kumbe nilikuwa nashusha sauti kavu na rivabu inabaki pale pale, kila dB ninayoshusha uwiano unaharibika kwa dB hiyo hiyo.

Dawa niliyojaribu usiku huu: rivabu iingie ndani ya folda. Kapu la SAUTI sasa lina vitu viwili ndani, kapu dogo linaitwa KAVU lenye waimbaji wote, na pembeni yake traki ya RIVABU. Sendi zinatoka kwa waimbaji zinaenda RIVABU, RIVABU inamwagia kwenye SAUTI, ukishusha SAUTI vyote vinashuka. Kompresa nimeiweka kwenye KAVU, sio juu kwenye SAUTI, maana ukiiweka juu inabana na rivabu pia, kila wakinyamaza mwangwi unavimba.

Magitaa nimeyapa rivabu yao, ni plagini ile ile na vipimo vile vile, imekopiwa tu, kwahiyo ukumbi bado ni mmoja kwa sikio. Rivabu mbili badala ya 16, laptopu haijalalamika.

Jumapili 15 Februari

Nimetuma pleibeki mpya. Malaika mmoja kabaki.

Huyu hakuwa wa rivabu. Nimezima traki moja moja mpaka nikampata, yumo kwenye maiki ya manyanga. Dada aliyepiga manyanga alivaa hedifoni kwa sikio moja, nyingine imening'inia karibu na maiki, na ndani yake alikuwa anasikia mwimbishaji wa kuongozea. Hakuna kapu linaloweza kumtoa huyo. Kesho tunarudia manyanga, ni dakika tano tu.

Jumatatu 16 Februari

Mwalimu amekuja mwenyewe leo, kapanda mawe na fimbo yake, umri wake na ile ngazi nilitamani nimfuate chini kwa boda ila boda hazifiki.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka. Nimekuja kukaa humu mpaka nielewe kwanini ngoma haina uzito."

Nikampa kiti, nikamchezea. Kila anachosema nikaandika kwenye karatasi, sikubishana. Naweka hapa orodha yake kama alivyosema: ngoma haina uzito. Hivi vinavyochakacha vinanikera. Mwimbishaji asimame mbele ya watu wake sio juu yao. Akina mama wa vigelegele wako mbali. Magitaa yapungue pale tunapoanza kuimba.

"Ngoma haina uzito", nikapandisha kapu la NGOMA. Kayamba na manyanga vikapanda pia. "Hivyo vinavyochakacha!" Nikashusha kayamba peke yake, manyanga peke yake, makofi peke yake. Uzito bado. Akaniambia subiri, akaanza kupiga goti kwa mkono, na mdomo unaimba "duu, duu", na nikagundua anachoimba sio ngoma, ni ngoma pamoja na gitaa la besi. Kwake hivyo ni kitu kimoja. Besi langu liko kapu la VYOMBO, pamoja na kinanda.

Mwimbishaji na kiitikio wako kapu moja, nikipandisha mmoja wote wanapanda. Vigelegele navyo humo humo.

Kila alichoomba nililazimika kuingia ndani ya makapu mawili au matatu nitafute traki moja moja. Sasa makapu ya nini? Akaniangalia nahangaika na mausi, akasema, "Kijana wangu, wewe umeipanga kwaya yangu kama daftari la mahudhurio. Majina ya S pamoja, majina ya T pamoja. Mimi nikiwa mbele siongozi kwa daftari." Akanyoosha mikono, wa kushoto akaushusha taratibu kama anakandamiza kitu, "hawa wa chini", wa kulia akautikisa vidole, "hawa wa juu", akamwangalia mtu ambaye hayupo, "na yule".

Sijui kama alijua anachonifundisha. Alikunywa chai akaondoka.

Jumanne 17 Februari

Nimevunja makapu yote. Nimechukua ile karatasi ya malalamiko na kila lalamiko nikalitengenezea fada yake. Sijaanza na vyombo, nimeanza na maswali, mtu atakaa nyuma yangu ataomba nini?

MAPIGO: traki zote mbili za ngoma kubwa, ngoma ndogo, na gitaa la besi. Ndio, besi na ngoma kapu moja. Kompresa ileile ya 2 kwa 1 sasa inawabana pamoja na wanashikana, ngoma ikigonga besi linainama kidogo afu linajaa nyuma yake, ndo ule "duu" wa Mwalimu.

MCHELE: kayamba, manyanga, makofi. Jina sababu inasikika kama mtu anapepeta. Haina kompresa kabisa. Kayamba imeacha kupumua, na shida iliyonisumbua tarehe 11 imeisha bila kugusa kompresa, ilikuwa ni kukaa kapu lisilo lake tu.

NYUZI: solo, rithimu, kinanda, na rivabu yao. Kinanda hakina nyuzi najua.

KIITIKIO: sauti 16 ndani ya KAVU, rivabu pembeni. Ndani ya KAVU nimeweka vikapu vinne, soprano, alto, tena, besi, sababu Mwalimu huwa anauliza "alto wako wapi" na alto kweli hawapo popote, ni wanne na wanaimba kwa adabu sana.

MWIMBISHAJI: peke yake na rivabu yake, fupi zaidi, ndo maana sasa anasimama mbele.

VIGELEGELE: peke yake. Hapa palikuwa na mjadala. Dogo anasema vigelegele ni sauti za watu viende na watu, mi niliona ni mapigo maana vinaingia kwa mpigo. Nikampigia Mama Mwenyekiti nikamuuliza kwenye pleibeki vigelegele vibaki au vitoke, akasema vitoke, "sisi wenyewe tutapiga, tukipiga juu ya vile vya kaseti itakuwa fujo", ila makofi yabaki yawasaidie kushika mpigo. Basi jibu limepatikana, vigelegele upande wa watu, makofi upande wa muziki. Tatizo makofi na vigelegele tulirekodi siku moja chumba kimoja na kwenye traki ya makofi vigelegele vinasikika. Nimeita dogo na vijana wawili wa jirani tumepiga makofi upya, dakika kumi, malipo soda.

Juu ya hayo sita kuna makapu makubwa mawili tu. MUZIKI (MAPIGO, MCHELE, NYUZI) na WATU (waliobaki). Hayo mawili ndo yanakwenda masta. Pleibeki ni kuzima WATU. Nimejaribu, nimesikiliza wimbo mzima mpaka mwisho na hedifoni, hakuna malaika.

Alhamisi 19 Februari

Kwaresima imeanza jana, kigangoni ngoma zimewekwa pembeni, na mi huku nashinda nazo masikioni.

Limebaki ombi moja lisilo na kapu: kwenye ubeti wa mwisho mwimbishaji na vigelegele wapande pamoja, afu kiitikio kibaki. Wako makapu mawili tofauti na kila mmoja ana usindikaji wake, sitaki kuwahamisha. Hapa ndo nimetumia VCA. Jina limetoka kwenye mikisa kubwa za zamani, pale fada ya VCA sauti haipiti kabisa ndani yake, inatuma volti tu kwenda kuziambia chaneli nyingine zipande au zishuke. Kwenye programu hakuna volti lakini tabia ni ile ile. Nimetengeneza traki tupu, nikaifanya kiongozi wa VCA, traki ya mwimbishaji na ya vigelegele zinamfuata. Napandisha moja, wanapanda wote wawili kila mtu akiwa kapuni kwake.

Na uzuri wake, sababu kinachosogea ni kama fada ya traki yenyewe, sendi za rivabu zinafuata. Yaani ningekuwa na VCA siku ile malaika wasingetokea. Nilifikiria nibadilishe kila kitu kiwe VCA, nikajaribu kwenye KIITIKIO, hapana. Ukishusha kwa VCA unashusha kabla ya kompresa ya kapu, kwahiyo kompresa inapokea kidogo, haibani tena, kwaya inashuka na inalegea. Ukishusha fada ya kapu kompresa imeshafanya kazi yake tayari, sauti inashuka na umbo lake. Kwa wimbo unaofifia mwishoni nimetumia kapu. Kwa mwimbishaji ambaye kompresa yake iko kwenye traki yake, kabla ya fada, VCA haijaharibu kitu.

Jumapili 22 Februari

Nyimbo saba zilizobaki. Nimehifadhi wimbo wa kwanza kama templeti, makapu yote, rangi, rivabu, kompresa, bila sauti ndani. Wimbo wa pili ulinichukua siku na nusu, wa tatu na wa nne siku moja. Wimbo wa tano hauna ngoma kabisa, ni sauti, kinanda na gitaa la besi, MAPIGO imebaki na besi peke yake na sijaifuta, haina gharama.

Alto wa wimbo wa tatu nimewapandisha dB 4. Mwalimu kasikia kwa simu kasema "leo wameamka".

Jumatano 25 Februari

Stemu, yaani wimbo uliogawanywa kwa mafungu. Fundi wa video wa Nyegezi anataka MUZIKI na WATU mafaili mawili tofauti ili aweze kuzichezea kwenye picha. Nikarenda, nikayaweka kwenye mradi mpya pamoja na mikisi kamili, nikaigeuza polariti ile mikisi. Kama viko sawa vikijumlishwa vinatakiwa vifutane, ukimya. Havikufutana, kwenye kila mpigo mkubwa kuna kitu kinabaki.

Ni limita ya masta, kile kibana sauti cha mwisho kinachozuia zisipite kiwango. Wimbo mzima ukipita inakutana na kwaya na ngoma pamoja inabana, WATU wakipita peke yao haioni cha kubana. Limita sio kitu cha kugawanya kwa mafungu mawili. Nimeizima, nikarenda upya vyote vitatu, safari hii vimefutana karibu kabisa, kimebaki kamvuke ka rivabu tu sababu ile plagini inajitikisatikisa yenyewe na hairudii sawa kila mara. Hiyo naikubali.

Mafaili yote yanaanzia sekunde 0, hata WATU ambao wanaanza kuimba sekunde ya 22, ili fundi asije akaanza kuyapanga kwa macho.

Ijumaa 27 Februari

Nyimbo sita zimekubaliwa. Mbili Mwalimu anataka kuzisikia kwenye spika za kanisa kwanza, Jumapili baada ya misa ya pili, nitabeba laptopu sio flashi, ili akisema kitu nishike fada pale pale.

Dogo ameuliza leo kama tunaweza kurudisha neno basi. Nimemwambia aguse ile plasta aone.